Friji inaangusha swichi ya nyumba nzima, nimeshabadilisha swichi lakini wapi. Mafundi umeme njooni

Ukwaju wa Jana:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nilipo nimechoka mpaka basi. Nina friji ya milango miwili ile nofrosti, nimeinunua kwa mtu ikiwa imetumika kama miaka minne hivi, natunzia juisi zangu za ukwaju na ubuyu nauza hapa hapa nyumbani. Sasa yapata wiki ya pili, inafanya kazi vizuri kabisa, inagandisha, haina kelele, halafu ghafla tu paap nyumba nzima giza. Nikienda kwenye boksi la meni swichi nakuta ile swichi kubwa yenye kitufe cha T imeshuka. Naipandisha, inakaa, friji inawaka kama hakuna kilichotokea, naanza kusahau, halafu inashuka tena.

Shida ni kwamba hapa tupo wapangaji watatu na LUKU ni moja, kwa hiyo ikishuka wanalala giza wote. Kuna kijana wa chuo chumba cha pili yuko kwenye mitihani, juzi usiku wa manane kanigongea mlango sura imevimba. Mama wa chumba cha mwisho yeye ameshasema friji yangu ina jini, na hatanii.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeita fundi akasema swichi imechoka, nikanunua mpya tukabadilisha, siku ile ile ikashuka. Nikabeba friji kwa bajaji mpaka kwa fundi friji, kakaa nayo masaa kama matatu, inapiga kazi safi, akaniambia "dada friji nzima hii, tatizo ni umeme wa kwenu". Nikirudisha nyumbani inashuka. Sasa nani muongo hapa?

Kipara cha Temeke:
Dada hizo swichi za T ni usumbufu tu, mimi kwangu nilishaing'oa nikafunga breka ya kawaida mwaka wa tatu huu sijawahi kusikia tatizo. Au kama hutaki kugusa boksi la mwenye nyumba fungua plagi ya friji, ule waya wa kijani na njano kata, kwisha habari.

Bwana Fyuzi:
@Kipara cha Temeke mkuu kwa heshima zote usimshauri mwenzio hivyo. Dada usikate kitu chochote, nisubiri nitoke kazini nikujibu vizuri.

Kimya Kingi:
Nimekaa pale kwenye kigoda, hata ya kwangu inafanya hivyo hivyo.

Bwana Fyuzi:
Haya nimerudi. Mimi nimefanya matengenezo ya umeme kiwandani miaka mingi, sasa hivi nahangaika na vitu vya majumbani, kwa hiyo nikikuuliza maswali yanayoonekana ya kijinga nivumilie.

Kwanza tuelewane hiyo swichi inafanya nini, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Kwenye boksi kuna breka ndogo ndogo, hizo kazi yake ni kukata umeme ukivutwa mwingi kupita kiasi au waya zikigusana, yaani shoti. Hiyo kubwa yenye T ni RCCB, yenyewe haijali unavuta mwingi kiasi gani. Ifananishe na konda: inahesabu umeme unaotoka kwenda ndani kwa waya wa laivu na unaorudi kwa waya wa nyutro. Waliotoka na waliorudi wakilingana, konda kimya. Wakipungua, maana yake kuna umeme umeshukia njiani, umepita kwenye bodi la friji, yaani ganda lake la chuma, kwenda ardhini, au umepita kwenye mtu. Hapo inakata. Za majumbani nyingi zimeandikwa 30 mA au 0.03 A, yaani upotevu ukifika miliampia 30 lazima ikate, na kiutendaji nyingi zinakata kabla ya kufika hapo, kuanzia kwenye 15 na kuendelea.

Kwa umeme wetu wa volti 230 ukipiga hesabu, miliampia 30 ni upinzani wa kama omu 7,700 kati ya laivu na ethi, yaani ule waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Kwa hiyo humo ndani ya friji kuna mahali umeme unavuja, na swichi inakwambia ukweli. Wewe kubadilisha RCCB ni sawa na kununua kioo kipya kwa sababu uso una chunusi, samahani kwa utani.

@Kipara nikujibu na wewe. Ukikata ethi kwenye plagi uvujaji haujaondoka, umebaki kwenye bodi la friji unasubiri. Atakayekuja pekupeku kwenye sakafu yenye maji akashika mlango ndo atakuwa ethi, na RCCB itasubiri mpaka yeye aguse ndo ikate. Na kama RCCB nayo umeing'oa, basi hakuna wa kukata.

Sasa dada maswali. Moja, inashuka wakati gani? Sio usiku au mchana, namaanisha baada ya muda gani tangu uipandishe. Chukua daftari uandike. Mbili, ikishuka, ukichomoa friji kabisa na kuacha vingine vyote, inakaa siku nzima? Tatu, kwa huyo fundi friji kulikuwa na RCCB?

Kipara cha Temeke:
Sawa mkuu nimekuelewa ila miaka mitatu na mimi niko hai 😂

Mbeya Baridi:
Kipara wewe endelea kuhesabu.

Ukwaju wa Jana:
Asante sana Bwana Fyuzi. Swali la pili najua jibu, juzi nilichomoa friji nikaenda msibani siku mbili, wenzangu wanasema umeme haukukata hata mara moja. Swali la tatu nimempigia yule fundi, anasema kwake hana kitu kama hicho ana breka tu. Swali la kwanza ndo naanza kuandika leo.

Pwani Raha:
Samahani wandugu nidandie hapo hapo, mimi niko Mombasa na shida yangu yafanana ila ina kisirani chake. Kwangu RCCB yashuka nikiwasha kitu kizito, mara ni birika, mara ni pampu ya maji, yaani hakuna mwizi mmoja. Mashine ya kufulia ndiyo niliyoishuku kwanza kwa kuwa ni ya zamani, lakini nimeizima kwenye soketi na bado swichi yaanguka, basi nikaitoa kwenye orodha. Sasa nashuku nyaya za nyumba na fundi amesha nitajia bei ya kuvua nyumba nzima nguo.

Bwana Fyuzi:
@Pwani Raha usimlipe mtu hata shilingi kwanza. Swichi nyingi za kwenye soketi zinakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa. Kama ndani ya mashine waya wa nyutro umegusana na bodi, kuizima kwenye soketi hakusaidii kitu. Ukiwasha birika, umeme wa birika unaporudi kwa nyutro unakuta njia mbili, moja ya kawaida na nyingine kupitia kwenye mashine kwenda ethi, unagawanyika, konda anahesabu anakuta abiria hawatimii. Ndo maana unaona kama birika na pampu ndo wezi kumbe wanasingiziwa. Kadiri kinachowashwa kilivyo kizito ndivyo inavyoshuka kirahisi.

CHOMOA PLAGI ya mashine, sio kuzima, halafu washa birika na pampu kwa pamoja uone.

Pwani Raha:
Subhanallah. Nimechomoa, nimewasha birika, pampu, pasi, vyote pamoja. Kimya. Nimerudisha plagi ya mashine ikiwa imezimwa, nikawasha birika, paap.

Bwana Fyuzi:
Haya umempata. Kwenye mashine za kufulia mshukiwa wa kwanza ni elementi ya kuchemshia maji. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi ndo kabisa, yanakula ganda la elementi mpaka maji yanaingia ndani. Itoe waya zake zote, pima kati ya ncha ya elementi na bodi lake. Ncha kwa ncha ikiwa ya wati 2,000 utapata kama omu 26, hiyo ni sawa, lakini ncha kwa bodi hutakiwi kupata kitu kabisa.

Pwani Raha:
Kisima ndicho, na chumvi yake hata chai yaikataa. Nitaleta jibu.

Ukwaju wa Jana:
Nimerudi na daftari wakuu. Angalieni wenyewe:

Jumatatu nilipandisha saa 12 asubuhi, ikashuka saa 7 mchana na dakika kadhaa.
Jumanne umeme wa mtaa mzima ulikatika, ukarudi saa 4 usiku, RCCB ikashuka saa 11 alfajiri (huyo kijana wa chuo ndo aliniambia, alikuwa anasoma).
Jumatano nimepandisha saa 1 asubuhi, imeshuka saa 8 mchana na robo.

Yaani ni masaa saba saba! Nimeogopa mimi mwenyewe, nikaanza kumuamini mama wa chumba cha mwisho.

Kimya Kingi:
Jini lenye saa 😂😂

Mbeya Baridi:
Jini la serikali hilo, linafanya kazi kwa zamu.

Bwana Fyuzi:
Dada umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wawili uliowalipa. Sasa sikiliza, hii ndo sehemu tamu.

Friji ya nofrosti haigandi barafu ukutani sio kwa sababu haitengenezi barafu. Inatengeneza, ila imefichwa nyuma ya ule ukuta wa plastiki wa friza, kwenye mabomba ya baridi yenye mapezi ya alumini. Kila baada ya masaa kadhaa kompresa inasimama, hita inawaka pale chini ya mabomba kwa dakika kadhaa, barafu inayeyuka, maji yanateremka kwa kijibomba mpaka kwenye trei iliyo nyuma juu ya kompresa, yanakauka yenyewe. Wengi wamekaa na friji miaka kumi hawajui kuna hita ndani ya friza.

Friji za zamani zilikuwa na taima ya kuzunguka, hizi za karibuni ni bodi ya elektroniki ndo inahesabu. Na nyingi umeme ukikatika bodi inasahau, inaanza hesabu upya. Ndo maana Jumanne muda wako ukahama ukafuata umeme uliporudi. Kama ingekuwa kompresa inavuja, ungeiona inashuka kila kompresa inapoanza, mara nyingi kwa siku. Kama ingekuwa waya wa taa ya mlango, ungeiona ukifungua mlango. Masaa saba ni hita ya kuyeyusha barafu, mimi naweka dau soda ya baridi.

Na sasa unaona kwa nini fundi friji hakusema uongo lakini pia hakusema kweli. Kakaa nayo masaa matatu, hita haikufika zamu yake. Hata ingefika kwake hakuna RCCB, ingevuja kimya kimya tu.

Ukwaju wa Jana:
Mkuu mbona nimepata baridi mwilini. Sasa mbona watoto wangu wanashika hiyo friji kila siku hawajawahi kurushwa?

Bwana Fyuzi:
Kwa sababu ethi yako ni nzima, inaubeba ule uvujaji kwenda ardhini kabla haujawafikia, na RCCB inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Vyote viwili vinawalinda, ndo maana nilimkatalia Kipara.

Fundi Maneno:
Mimi ni fundi friji nipo Dar, napinga kidogo. Hizo hita huwa zinakufa kwa kukatika, unapima na multimita hupati usomaji, friza linajaa barafu. Mwambie apime hita, akipata omu mia tatu na kitu hiyo ni nzima atafute sehemu nyingine.

Bwana Fyuzi:
Fundi mwenzangu hapo umegusa jambo muhimu, ila tusichanganye vipimo viwili. Kukatika ni kitu kingine na kuvuja ni kitu kingine. Hita ya wati 150 hivi ukipima ncha kwa ncha utapata kama omu 350 na itapasha moto vizuri tu, huku ganda lake limetoboka na unyevu umeingia. Kipimo cha uvujaji ni ncha kwa bodi. Na hapo multimita ya kawaida inadanganya, kwa sababu inapima kwa betri ya volti chache. Unyevu kidogo hauonekani kwa volti chache ila ukija na volti 230 unapita. Ndo maana kuna mega, ile inayosukuma volti 500 za DC. Ikisoma chini ya megaomu 1, yaani omu milioni moja, mimi nashuka na kutafuta sababu.

Na tahadhari nyingine, ukipima mega kwenye plagi ya friji tu, unganisha laivu na nyutro pamoja halafu upime dhidi ya ethi, usisukume volti 500 kati ya laivu na nyutro utaua ile bodi ya elektroniki. Na hata hapo unaweza kupata usomaji mzuri wa uongo, maana hita imejificha nyuma ya rilei, ile swichi ya ndani inayoiwasha, na kile kithamostati kinachokata friza likipata joto. Friji ikikaa imezimwa nusu siku, kithamostati kimefunguka, mega haiioni hita. Fungua ukuta, chomoa soketi ya hita, pima hita yenyewe.

Fundi Maneno:
Hapo kwenye kithamostati nimekubali. Mega sina lakini, bei yake mkuu unaijua.

Mbeya Baridi:
Nikiwa bado nakumbuka, oveni ya umeme ya mke wangu ilikaa miezi tisa haijatumika, siku anaiwasha RCCB ikashuka. Fundi akaniambia ndani ya elementi kuna unga mweupe unaotenganisha waya na ganda, na ule unga unavuta unyevu ukikaa muda mrefu. Tukatoa elementi tukaiweka ndani ya oveni ya gesi ya jirani, moto mdogo, kama masaa mawili. Jirani alidhani tunaoka chuma. Ikarudi, mpaka leo inafanya kazi.

Bwana Fyuzi:
Kweli kabisa, kwa oveni na majiko hiyo inafanya kazi kama ganda halijapasuka. Hita ya friji usijaribu, hiyo inaishi kwenye maji kila siku, ikishaanza kuvuja inabadilishwa.

Dada, kabla hujafungua: chomoa plagi, sio kuzima. Usichokonoe barafu kwa kisu, ukitoboa bomba umeua friji, na angalia kibandiko cha nyuma, kama kimeandikwa R600a hiyo gesi inawaka moto, kwa hiyo hakuna moto wala sigara karibu. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge hita yoyote tu unayouziwa, tafuta ya modeli yako.

Ukitaka kuhakikisha bila kufungua sana, chomoa soketi ya hita peke yake, funika ncha vizuri, rudisha ukuta, washa. Ikipita masaa saba bila kushuka umepata jibu. Ila usiiache hivyo, mabomba yataganda na ndani ya siku chache hewa ya baridi haitapita tena kwenda chini, juisi zako zitachacha.

Ukwaju wa Jana:
Mimi mwenyewe sifungui kitu nina watoto 😅 @Fundi Maneno uko sehemu gani, nikufuate PM?

Fundi Maneno:
Njoo PM dada. Mega nitaazima kwa jamaa yangu anayefunga mapampu ya visima.

Pwani Raha:
Jibu langu: elementi ya mashine, ncha kwa ncha 27, ncha kwa bodi omu 4 tu. Ilikuwa na tundu kama la sindano na kutu pembeni. Nimeweka mpya, kisirani kimekwisha. Yule wa kuvua nyumba nguo nimemwambia Mungu ambariki.

Kimya Kingi:
Na mimi nisaidieni basi. Ya kwangu haina muda maalumu, inashuka hovyo, mara nyingi usiku wote tukiwa nyumbani. Hakuna kifaa kimoja, nimeshachomoa kimoja kimoja kila kimoja kinaonekana kizima.

Bwana Fyuzi:
Una vifaa vingapi vya elektroniki kwenye hiyo RCCB moja? Kompyuta, mashine ya kisasa ya kufulia, maikrowevu, vyote vina vichujio ndani ambavyo kwa kawaida vinavujisha kidogo kwenye ethi, miliampia moja, mbili, vingine mpaka tatu na nusu na ni halali. Ukijumlisha vitano sita unakaribia 15, halafu kitu kidogo tu kinakusukuma juu. Hapo hakuna mbovu, wamezidi kwenye basi. Dawa ni kugawa nyumba kwenye RCCB mbili au zaidi. Ila kwanza niambie kama mvua ikinyesha inazidi, maana kama inazidi hiyo ni taa ya nje au kibox cha maungio kimeingia maji.

Kimya Kingi:
Mvua ikinyesha inazidi kweli. Taa ya geti nilifunga mwenyewe.

Mbeya Baridi:
Aaah.

Ukwaju wa Jana:
Wakuu mrejesho. Fundi Maneno alikuja Jumamosi, katoa vyakula vyote, kafungua ukuta wa friza, nyuma kulikuwa na barafu nene upande mmoja tu. Kachomoa soketi ya hita, kapima ncha kwa ncha 340, akasema "umeona, nzima". Kapima ncha kwa bodi kwa multimita, hakuna kitu. Akaniangalia. Akatoa mega, kabonyeza, 0.00. Akabonyeza tena. 0.00. Akakaa chini kwenye ndoo ya juisi yangu akacheka peke yake.

Hita ilikuwa na mpasuko mdogo pale mpira unapoingilia waya, ukiukunja unaona weusi. Tumeenda Kariakoo na ile ya zamani mkononi, walianza elfu 60 tukamaliza elfu 35, ya modeli hiyo hiyo. Leo siku ya tisa haijashuka, na nimebonyeza kitufe cha T kuhakikisha swichi nayo iko hai, ikashuka yenyewe vizuri, nikasahau kuwaambia wenzangu, mama wa chumba cha mwisho akatoka na Biblia.

Bwana Fyuzi:
😂😂 Kitufe cha T ukikibonyeza mara moja moja ni sahihi kabisa, ila ujue kinapima swichi tu, hakikwambii kama ethi ya nyumba ni nzima. Mwambie Fundi Maneno siku akipita tena aangalie na fimbo ya ethi nje, waya wake huwa watu wanakata wakauze shaba.

Fundi Maneno:
Niliangalia mkuu. Upo. Na soda yako ya baridi iko kwa dada, alisema uifuate mwenyewe.

Kipara cha Temeke:
Wakuu hizo RCCB siku hizi zinauzwaje, nauliza tu.